Debe la Nyumbani

11 Juni

Kwako mke wangu mdogo, msomi wa karanga,

Najua shikamoo yako imekwama posta, kwa hiyo naitanguliza marahaba ili tusidaiane. Sisi huku wazima. Mjomba wako ni mzima na mvivu, vyote viwili kwa kiwango kilekile cha mwaka jana. Mashine ya kusagia ilikatika mkanda wiki iliyopita, tukakaa siku tatu tunatazamana kama wafiwa. Bibi yako, mke mwenzio, anakusalimia sana. Anasema umekonda, ingawa ulikaa siku mbili tu na macho yake yenyewe hayaoni vizuri.

Sasa tuje kwenye barua yako. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa miwani na ya pili kwa kicheko. Unasema ulipokuja ulimwona bibi yako ana macho ya njano na tumbo limemjaa, na unaogopa ini lake linaharibika kwa ajili ya karanga zetu. Unasema kuna ukungu unaoota kwenye karanga, na ukungu huo unatoa sumu inayoitwa sumukuvu, ambayo haionekani, hainuki, haina ladha, na hata ukikaanga haiondoki. Mke wangu, kitu kisichoonekana, kisichonuka na kisicho na ladha, sisi tulikuwa tunakiita uongo. Miaka kumi na saba umekaa darasani ndipo ukakiletea jina.

Mimi nimeishi na karanga miaka hamsini na moja. Vumbi lake nalivuta, mafuta yake yameingia mpaka kwenye kucha. Nina miaka sabini na tisa na gunia bado nalinyanyua, mjomba wako akiwa amesimama pembeni ananipa moyo. Kama sumu ingekuwepo, si ingeanza na mimi? Bibi yako ni uzee tu. Hata karatasi ikikaa sana inageuka njano, na sijaona mtu akiipeleka hospitali.

Lakini kilo mbili ulizoomba nitakutumia, si kwa sababu nakuamini. Nataka huyo mkubwa wako wa maabara, uliyesema haongei na mtu kabla ya saa nne, aone karanga maishani mwake. Dereva wa lori la saruji atakuletea. Bibi yako kazichagua mwenyewe. Alikaa mkekani asubuhi nzima, moja moja, akitupa yenye doa hata la ncha ya sindano, akisema mjukuu hatumiwi takataka mbele ya wakubwa zake. Alichoka, akalala mpaka alasiri. Uzee huo.

Mumeo asiye na meno ya mbele,
Babu


30 Juni

Babu,

Shikamoo. Huku wazima. Lifti ya jengo letu imeharibika tena, tunapandisha sampuli kwa ngazi mpaka ghorofa ya tatu, na Mkubwa amepandishwa cheo kwa hiyo sasa haongei na mtu kabla ya saa sita. Mwambie mjomba namsalimia, na Bibi mwambie sijakonda.

Karanga zimefika. Nilikuandikia utumbukize kopo kwenye kila gunia, juu, katikati na chini, uchote bila kutazama. Umenitumia karanga zilizochaguliwa kama bibi harusi. Nilipozimwaga mezani wenzangu walisimama kuzitazama, na Mkubwa akasema, kila mtu akisikia, kwamba hii si sampuli, hii ni posa. Nimekuwa kichekesho cha ghorofa nzima kwa siku nne.

Nimezipima hivyo hivyo. Tunasaga, tunaloweka kwenye dawa, tunachuja, tunapitisha kwenye mashine, inatoa namba. Kikomo cha chakula cha watu ni kumi, yaani maikrogramu kumi za sumu kwa kila kilo. Zako zimetoa mbili. Karatasi ya majibu naiambatisha kwa kuwa ni haki yako, lakini nakuomba uelewe kwamba namba hiyo inaeleza kilo mbili zilizokuja hapa, haielezi kitu kingine chochote duniani.

Sasa nijibu mambo mawili, na usiniletee hadithi. Bibi amekwenda hospitali? Na nyumbani anakula karanga zipi?

Mjukuu wako


19 Julai

Kwako mke mdogo uliyeshindwa kesi,

Marahaba, na pole kwa ngazi. Huku mvua imekatika mapema. Mjomba wako ameanza kufuga ndevu, kazi ya kwanza kuianza bila kusukumwa.

Mbili! Karatasi yako nimeibandika ukutani juu ya mizani, pale mteja anaposimama akisubiri kupimiwa. Ina mhuri, ina sahihi, ina namba nyingi ndogo ambazo hakuna anayezielewa, na ndiyo uzuri wake. Mama muuza chai aliniuliza ni picha ya nini, nikamwambia ni cheti cha kuzaliwa cha karanga. Bwana afya wa soko, yule mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna inayoandika, aliisoma kwa dakika kumi huku midomo ikicheza, kisha akanipa mkono. Miaka yote alikuwa ananikagua kucha. Kumbe nilikosa mjukuu mwenye mhuri tu.

Mwambie Mkubwa wako, akishafikisha saa yake ya kuongea, kwamba mimi sikuhitaji mashine kujua. Nina meza. Karanga zikimwagwa mezani, mikono minne inazipitia, yangu na ya bibi yako. Nzima, nene, nyekundu zinakwenda kwenye gunia la wateja. Zilizosinyaa, zilizopasuka, nyeusi, zenye ukungu zinakwenda kwenye debe la nyumbani. Hakuna mteja aliyewahi kula karanga mbovu iliyotoka kwangu, na hilo niliapa siku niliyofungua mlango. Wenzangu sokoni wanachanganya. Wanasaga mbovu na nzima pamoja, inatoka siagi moja laini, nani atajua. Mimi sina tabia hiyo. Mbovu zangu nabaki nazo mwenyewe.

Hiyo ndiyo maabara yangu, na haina ngazi.

Bibi yako siku hizi haji mezani, amepumzika kidogo. Kuhusu hospitali, mkeka wake uko kivulini na maji yako karibu, kwa hiyo usijisumbue.

Mumeo mshindi,
Babu


2 Agosti

Babu,

Shikamoo. Habari za huku nitaziruka.

Debe la nyumbani. Nililala chumba kimoja na debe hilo mpaka nikiwa na miaka kumi na mbili. Nilikuwa naliburuta mimi kwenda jikoni. Kisha nikasoma, nikapewa koti, nikasimama mbele ya watu na picha ukutani nikawafundisha kwamba karibu sumu yote iko kwenye karanga chache zilizosinyaa na zenye ukungu, na kwamba mtu akizitoa hizo amejiokoa. Na sikukumbuka kwetu zikitolewa zinakwenda wapi. Nimengoja mpaka mzee aliyeishia darasa la nne aniandikie kwa majivuno. Kwa hiyo usidhani nakudharau wewe peke yako.

Lakini na wewe nakudharau, niruhusu niseme. Umeandika, mbovu zangu nabaki nazo mwenyewe. Nani mwenyewe? Unaniambia nikutazame wewe, una nguvu, unanyanyua gunia. Babu, wewe hujala karanga tangu nizaliwe. Zinakupa kiungulia. Bibi alikuwa anawapikia wewe na mjomba maharage kwenye sufuria ndogo, na sufuria kubwa yenye mchuzi wa karanga ilikuwa yake na sisi watoto. Sisi tuliondoka. Yeye kabaki na sufuria.

Fanya haya leo, siyo kesho. Mwambie Bibi asile tena kitu cha debe hilo. Chukua kopo, chota ndani ya debe bila kuchagua, mpe dereva. Bibi asiliguse. Mpeleke hospitali. Na karatasi yangu ibandue ukutani, kwa sababu kila anayeisoma anadanganywa na sahihi yangu.

Mjukuu wako


28 Agosti

Kwako mke mdogo,

Marahaba. Joto limezidi. Mkanda wa mashine umekatika tena, fundi amekuja na mwingine uliotumika kwingine, mfupi kama subira yako. Mjomba wako amenyoa ndevu. Kuna paka mgeni ameingia stoo, ana sikio moja, tunamwita Mkaguzi kwa sababu anapita kila mahali na hakamati kitu. Wewe unaolewa lini? Au nawe unataka mchumba apitishwe kwenye mashine kwanza atoe namba?

Naona mabinti wa siku hizi mkishapata koti jeupe mnarudi kuwafundisha babu zenu kutawala nyumba. Huyo bibi yako unamjali sana kwa kalamu. Kwa miguu ulimjali siku mbili, ukaondoka alfajiri hata chai hukumaliza.

Yuko palepale.

Babu


9 Septemba

Babu,

Shikamoo. Ni kweli. Niliyaona macho yake usiku wa kwanza, na kwa kazi yangu nilijua ninachokitazama. Nilikuwa na tiketi ya basi ya alfajiri na mkutano wa Mkubwa mchana wake. Nilimwambia Bibi anywe maji mengi, nikapanda basi. Hilo nitalibeba mimi.

Wewe beba kopo.

Damu yangu nimeipima, iko salama. Nilinusurika kwa kuwa nilitoka kwenu mapema, si kwa kuwa kuna mtu alinilinda.

Mjukuu wako


25 Septemba

Kwako mjukuu,

Marahaba. Mjomba wako anakusalimia.

Kopo umelipata kwa dereva, nadhani. Nilikwenda kulichota wakati bibi yako amelala, nikajikuta nanyata jikoni kwangu kama mwizi wa kuku. Mfuniko ukaanguka. Akaamka, akaniuliza nafanya nini huko na chakula chake. Nikasema nachukua za kuku. Akasema hatuna kuku tangu mwaka juzi. Nikatoka na kopo chini ya shati.

Karatasi nimeibandua. Bwana afya kaniuliza iko wapi, nikamwambia imekwenda kufuliwa.

Hospitali amepelekwa. Mjomba wako alimpeleka, na mara moja katika maisha yake alikwenda mwendo wa haraka. Daktari wa hapa ni kijana mdogo, ana sauti ya kubembeleza, ningependa asiwe nayo. Kambinya tumbo, kasema ini limekuwa gumu na kuna maji, aende hospitali kubwa wampige picha. Aliuliza anakula nini. Mjomba wako akasema anakula kama sisi. Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo kwenye benchi na sikufungua mdomo.

Kuhusu debe, sijamwambia asile. Nilianza mara mbili. Mara ya kwanza aliingia mteja. Mara ya pili hakuingia mtu yeyote.

Majibu yakiwa mazuri niandikie upesi. Yakiwa mabaya niandikie tu.

Babu


6 Oktoba

Babu,

Shikamoo. Nimeyarudia majibu mara tatu kwa sababu Mkubwa hakuamini, na mara ya tatu alisimama nami mwenyewe mpaka mashine ilipomaliza. Hakufanya utani.

Kikomo ni kumi. Debe la nyumbani ni mia nane na arobaini.

Sina la kukucheka. Maabara yako ilikuwa nzuri kuliko yetu. Kwa meza na mikono minne mliitoa sumu yote kwenye karanga za mji mzima, kwa miaka hamsini, bila mashine. Halafu ukampa Bibi.

Lichimbie shimo refu, umwage, ufukie. Usimpe mnyama, usimpe jirani anayetaka kukamua mafuta, hata akiomba vipi. Debe lenyewe litoboe lisirudi jikoni. Na mwambie Bibi leo. Usimwachie mjomba, usimwachie daktari mwenye sauti ya kubembeleza. Asipoambiwa na wewe atadhani alijiharibu mwenyewe.

Kuacha sasa hakutamrudishia ini alilokuwa nalo. Sitakudanganya hilo. Lakini kila sufuria inayofuata inaongeza, na hiyo tunaweza kuizuia. Nimeomba ruhusa. Nafika tarehe moja Novemba, nampeleka hospitali kubwa mwenyewe, na safari hii sina tiketi ya kurudi.

Mjukuu wako


21 Oktoba

Kwako mjukuu wangu,

Marahaba, na asante kwa kutonicheka. Ungenicheka ningepata pa kujificha.

Shimo nimechimba mimi. Mjomba wako alikuja kunipokea jembe nikamfukuza. Nilipomwaga nilishangaa jinsi zilivyokuwa chache, hazikufika nusu ya debe, nikajiuliza ni mara ngapi debe hilo limejaa na kuisha tangu tuoane. Nikaacha kuhesabu. Nikafukia, nikakanyaga.

Kisha nikaenda kumwambia. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, mengine ya kwako, sumukuvu na nini na nini. Yalipotoka yalitoka machache. Nikamwambia zile za debe zina sumu, mjukuu wetu amepima, na ndiyo iliyomfanya hivi. Nilitegemea atalia au atanitukana, vyote nilikuwa tayari navyo. Alikuwa anashona kifungo cha shati langu. Akamaliza kushona, akakata uzi kwa meno, yeye bado anayo.

Akasema, "Nilijua ni mbaya. Nilizikataa kwa mkono wangu mwenyewe pale mezani. Ulidhani nilikuwa sijui?"

Nikamuuliza sasa kwa nini alizila. Mjukuu wangu, alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mteja, wala na bwana afya, wala na wewe katika barua zako zote. Alinipa shati.

Siku hizi ninaliwaza jibu lake nikiwa kwenye mizani. Katika miaka yote sijawahi kumwambia chukua za kwenye gunia. Wala sijamkataza. Gunia lilikuwa la wateja, na mimi nilikuwa mtu mwaminifu, soko zima linajua. Nilijivunia kwamba sidanganyi mtu, kumbe nyumbani nilikuwa sihesabu mtu.

Sasa sikiliza kilichotokea jana, kwa maana nisipokuandikia leo nitakigeuza kichekesho, najijua.

Ilikuwa asubuhi, mashine inanguruma, wateja wanne wamepanga mstari, wa kwanza mwalimu mkuu na mfuko wake. Nikainua kichwa nikamwona bibi yako nyuma ya mama muuza chai. Amevaa kitenge cha kutokea. Ametembea peke yake kutoka nyumbani mpaka mashineni, na unajua wiki hizi hata mlangoni anashikwa. Mkononi ana bakuli. Watu wakataka kumpisha, akakataa, akasema foleni ni foleni. Nikamwashiria apite huku ndani akae. Hakunitazama. Mjomba wako akazima mashine bila kuambiwa.

Zamu yake ikafika. Akaweka bakuli kwenye mizani. Macho yale ya njano, mjukuu wangu, nilikuwa nayakwepa tangu Juni, na pale hakukuwa na pa kuyakwepea.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Nenda nyumbani, nitakuletea."

Akasema, "Hapana. Nipimie kama unavyowapimia watu."

Nikampimia. Mshale wa mizani ukawa unacheza, na watu wanatazama. Zilipotosha nikachota konzi moja zaidi nikamwongezea, kama ninavyomwongezea mteja mzuri. Akaitoa ile nyongeza, punje kwa punje, akairudisha kwenye gunia. Akanishukuru kama mtu asiyenijua, akakaa kwenye benchi la wateja, akala mbili tatu taratibu, akageuka kuzungumza na mama muuza chai habari za mvua.

Mimi nikaendelea kupima. Mwalimu mkuu, aliyekuwa bado anasubiri kusagiwa, alinisemesha sikusikia.

Karanga zile ziko dirishani ndani ya bakuli, bibi yako hazimalizi, hana tena hamu ya chakula. Lakini hataki mtu aziguse. Amefunga nguo zake kwenye furushi, yuko tayari kwa hospitali kubwa, na kila jioni anauliza tarehe moja imebaki siku ngapi.

Usichelewe. Njoo hata kabla. Miaka hamsini nimekaa naye nyumba moja nikipiga domo, na siku hizi nasikia haya kubaki naye peke yangu chumbani.

Babu yako